Nilipoulizwa Nilikula kwa Nani

Kama unasoma haya huku unakohoa, na kikohozi chako kimepita wiki mbili, weka karatasi chini uende hospitali ukateme makohozi kwenye kikopo. Mengine utayasoma ukirudi. Mimi sikufanya hivyo, na ndiyo maana leo nina la kusimulia.

Naitwa Anjelani, ila wengi wananiita Mama Bitisho kwa jina la mtoto wangu wa kwanza. Nashona nguo kwa cherehani pale Nundu, kando ya barabara ya kwenda Baraka. Sijaumbwa kukaa mahali pamoja. Mume wangu husema hata nikilala mguu mmoja unaendelea kukanyaga cherehani. Kwa hiyo mtu akinieleza kwamba ugonjwa ni kulala kitandani, namwambia kwangu haukuwa hivyo. Kwangu ulikuwa kungoja, na kungoja kuliniuma kuliko kifua.

Kikohozi kilianza na mvua za kwanza, mwezi wa tisa. Miezi miwili kabla ya hapo nilikuwa Baraka kwa rafiki yangu Faida, kwenye sherehe ya mahari ya binti yake. Faida nimesoma naye shule ya msingi huko Fizi mlimani, tumekalia benchi moja na kuchapwa fimbo za mwalimu mmoja. Ana restora ndogo karibu na soko la Baraka, meza nne na mabenchi. Anapika vizuri kuliko mtu yeyote ninayemjua, na kwa bahati mbaya yeye mwenyewe analijua hilo. Siku ile ya mahari nilikula mpaka nikafungua kifungo cha sketi.

Mvua zilipokolea nikaanza kupungua. Mshonaji hahitaji mizani. Kila Jumamosi nilizungusha futi yangu kiunoni nikaandika namba ukutani kwa chaki, na kila Jumamosi namba ilishuka. Sketi niliikaza kwa pini moja, halafu mbili, halafu kwa mshipi wa mume wangu. Pete ya ndoa niliizungushia uzi ili isidondokee kwenye unga. Asubuhi shuka lilikuwa limelowa jasho kana kwamba nimelala nje kwenye mvua. Nilikunywa majani ya mikaratusi, nikanywa tangawizi na asali, nikanunua dawa ya kikohozi kwenye duka moja, kisha kwenye duka jingine.

Huku kwetu mtu akikonda na kukohoa, swali la kwanza si unaumwa wapi. Swali ni ulikula kwa nani. Wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu, ndiye aliyelileta nyumbani. Alikaa kwenye kiti cha mlangoni akanitazama jinsi ninavyotweta baada ya kuchota maji.

"Hii si ugonjwa ya hospitali," alisema. "Balikupatia kitu. Kikulacho kiko mu nguo yako."

Akanipeleka Mboko kwa mzee anayetapisha sumu. Uwanjani kwake palikuwa na benchi refu, tumekaa tisa, wote tumekonda, wote tunatazama chini. Sikuwaza ugonjwa wangu. Nilipitisha kichwani kila sahani niliyowahi kuletewa mwaka ule, na nina hakika wenzangu wanane walikuwa wakifanya kazi hiyohiyo. Zamu yangu ilipofika mzee alininywesha kikombe cha kitu kichungu, nikatapika kwenye beseni la buluu. Akachokonoa matapishi kwa kijiti, akainua kitu kidogo cheusi.

"Hiki hapa," alisema. "Sasa, mama, ulikula kwa nani?"

Wifi alitaja jina moja, mzee akatikisa kichwa. Akataja la pili na la tatu, bado anatikisa. Kisha wote wawili wakanigeukia. Nilikuwa nimechoka, nataka kwenda nyumbani. Nikakumbuka kwamba siku ya mahari Faida alicheka gauni nililovaa mbele ya wageni, akasema mshonaji huwashonea watu vizuri akajisahau mwenyewe. Nikasema, "Faida, wa Baraka." Mzee akaitikia polepole. Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, wanasema, nami sijui kidole gani kingeuma kiasi hicho.

Wiki iliyofuata wifi alikwenda Baraka na ndugu sita. Walisimama mlangoni mwa restora saa ya watu kula, wakamwita Faida mchawi na mlisha sumu, wateja wakiwa bado na ugali mikononi. Mume wangu hakwenda, lakini hakuwazuia. Mimi nilibaki kitandani. Waliporudi nilimwuliza wifi Faida alijibu nini.

"Alinyamaza," alisema. "Mwenye kosa ananyamaza."

Dawa ya mzee niliimaliza na kikohozi kikabaki. Karibu na Noeli nikaona damu kwenye leso. Mume wangu hakumwuliza dada yake wala mtu mwingine. Alinifunga kwa kitenge mgongoni pake juu ya pikipiki, kama mtoto, akanipeleka hospitali.

Pale tulingojea nje, chini ya paa la bati, mbali kidogo na wagonjwa wengine. Kila mtu alipewa kikopo, akaenda nyuma ya ukuta kukohoa, akarudi nacho kimefunikwa. Majibu yalichukua siku mbili. Nilisimama, nikakaa, nikazunguka mpaka kwenye kisima na kurudi, nikahesabu mabati. Kulikuwa na mzee mmoja, Papa Lubunga, aliyekuwa akinishikia nafasi kwenye benchi kwa kuweka kofia yake kila nilipoondoka. Siku ya pili alinikatia nusu ya muhogo wake wa kuchoma bila kuniuliza nimekula kwa nani. Nilikula muhogo ule nikilia, naye akajifanya kuangalia mvua.

Muuguzi alipotoka alisema kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba ni kifua kikuu, dawa ni miezi sita, na nikiacha katikati nitarudi mbaya zaidi.

"Na sumu?" nilimwuliza.

"Sumu gani, mama? Hapa tumeona kifua."

Watu hudhani nililia kwa kuogopa kufa. Nililia kwa aibu. Pale pale, chini ya bati, niliona mlango wa Faida na wale watu saba.

Miezi miwili ya kwanza, wakati mvua zinapiga, nilimeza vidonge vingi kila asubuhi mbele ya muuguzi. Mkojo uligeuka rangi ya mawese, nikapiga kelele chooni, maana nilisahau kwamba nilionywa. Viungo viliuma, tumbo likageuka, halafu baada ya wiki kadhaa njaa ikaja. Njaa ile sikuwahi kuijua. Niliamka nikiwaza ndagala, dagaa wa ziwa letu, nikashona nikiwaza ndagala. Watoto walikuwa wamepelekwa kwa mama mkwe, na wifi alichukua sahani moja, kikombe kimoja na kijiko kimoja, akavichora msalaba kwa rangi nyekundu ya kucha. Hivyo vikawa vyangu. Mwezi wa pili wa dawa makohozi yalipimwa yakaonekana safi, na muuguzi akasema hakuna shida tena, naweza kula na watu. Nilipeleka habari hiyo nyumbani nikiwa nakimbia. Wifi akasema, "Tungoje kwanza." Mwezi wa tano yakapimwa tena, safi. "Tungoje." Kiangazi kikaingia, vumbi likarudi barabarani, nikameza kidonge cha mwisho, watoto wakarudi, namba za ukutani zikapanda. Sahani yenye msalaba iliendelea kuwekwa peke yake. Mume wangu alikuwa akiitazama, kisha anaangalia chakula chake.

Wakati wote huo sikwenda Baraka. Mwanzoni nilikuwa mgonjwa, halafu nilikuwa dhaifu, halafu kulikuwa na sare za shule za kushona. Mwongo hakosi sababu. Mara moja nilimtuma dereva wa pikipiki ampelekee Faida salamu. Alirudi akasema amezifikisha, na kwamba mama yule aliendelea kupika.

Mwezi wa nane parokia yetu ilifanya hija ya miguu mpaka Fizi, kwa sababu mwaka ule njia ilikuwa imetulia kidogo. Nilijiandikisha siku ya kwanza. Nilisema nakwenda kumshukuru Mungu kwa mapafu yangu, na ilikuwa kweli, lakini nilijua pia kwamba huwezi kutoka Nundu kwa miguu ufike Fizi bila kupita Baraka. Tulikuwa watu kama thelathini. Aliyetuongoza sisi wanawake alikuwa Mama Esta, jirani yangu, mtu mnene mwenye sauti ya kuamsha kijiji, anayejua kila kitu cha kila mtu. Tulilala Mboko, tukaendelea, na siku ya tatu jioni tukaingia Baraka tukichechemea. Siku ya nne ilikuwa ya kupumzika, ili miguu ipate nguvu ya kupanda mlima.

Hiyo ndiyo siku ninayotaka kuisimulia.

Asubuhi yake wenzangu walikuwa na furaha ambayo sijaiona hata kwenye harusi. Walijitandaza kwenye mikeka uani mwa shule tulikolala. Wengine waliloweka miguu kwenye maji ya chumvi, wengine walikaangiwa maandazi na akina mama wa parokia wakayala ya moto mpaka mafuta yanachuruzika kwenye viwiko. Chai ilipikwa kwenye sufuria kubwa na majani ya mchaichai. Kijana wa kwaya alimwiga katekista wetu alivyomkimbia mbuzi barabarani, na katekista mwenyewe akacheka mpaka akashika mbavu. Mimi nilishika andazi moja kwa saa nzima. Nilikaa mkekani, nikainuka, nikaenda getini, nikarudi.

"Mama Bitisho, kaa," alisema Mama Esta akijipaka mafuta kwenye visigino. "Ile miguu kesho itakuomba hesabu."

"Nimekaa."

"Umekaa wapi? Tangu jua itoke unatembea. Kaa, saa saba tunaenda kukula. Nimepanga na Mama Faida, yule wa karibu na soko, atapikia batu yote."

Nilimtazama. Naye alinitazama bila kupepesa, kisha akarudi kwenye kisigino chake. Mama Esta alikuwepo Nundu siku ile wifi aliporudi kutoka Baraka akijisifu. Hakukosea. Alipanga.

Saa tatu nilikuwa mlangoni mwa restora. Sikuweza kungoja saa saba, na kusema kweli nilitaka kuyamaliza kabla watu hawajafika. Faida alikuwa nyuma, anatwanga sombe, majani ya muhogo. Alikuwa amenenepa kidogo, na nywele zimeota mvi mbele. Alinitazama kutoka kichwani mpaka kwenye vidole vyangu vyenye malengelenge.

"Mama Bitisho," alisema. Hajawahi kuniita hivyo maishani mwake. "Ulipona."

"Nilipona. Ilikuwa kifua, Faida. Nimekuja kukuomba msamaha."

Mchi ulipanda na kushuka mara kadhaa.

"Bandugu yako balikuya saa ya batu kukula," alisema. "Balisimama pale, ku mulango, batu bote bakasikia. We unakuya saa tatu, niko peke yangu na kinu."

"Faida, nina aibu."

"Na mi nilikuwa nayo. Miezi mbili hakuna mutu alikula hapa, hata fundi wa viatu wa ng'ambo ya barabara, na ule anakulaga kila kitu." Aliweka mchi chini akafuta jasho. "Kama uko na neno, ulilete saa ya batu kukula. Na usimame palepale."

Saa nne zilizobaki sijui nizielezeeje. Nilikwenda ziwani nikatazama wanawake wakianika ndagala, nikaona harufu ile niliyoiota miezi sita haina ladha yoyote. Nilipita sokoni nikapima kwa macho vitenge nisivyohitaji. Nilirudi shuleni, Mama Esta akanipa ndizi, nikaiweka mfukoni. Niliwaza kupanda pikipiki nirudi Nundu. Kifua kilibana, nikakohoa mara moja kwa woga, nikasimama barabarani nikingoja kama kitakuja kingine. Aliyewahi kuugua atanielewa. Kikohozi kimoja tu, na miezi sita yote inarudi kusimama mbele yako. Hakikuja kingine.

Saa saba tulijaa meza nne zote, wengine wakakaa kwenye mikeka nje. Faida alileta vyakula kimoja kimoja. Ugali wa muhogo mweupe umefungwa kwenye mafungu, sombe yenye mawese, ndagala wa kukaanga na pilipili, na kwa kila meza kuhe mmoja mkubwa, yule samaki ambaye huku hatumkati, tunampika mzima na kichwa chake. Watu walianza kushangilia. Lakini kabla ya kuweka sahani mezani, Faida alisimama, akamega kipande, akachovya, akala, akameza, akangoja kidogo wote wakimwona, ndipo akaiweka. Alifanya hivyo kwa meza ya kwanza. Akafanya kwa ya pili. Kijana wa kwaya alicheka akauliza kama mama ana njaa kuliko sisi.

Fundi wa viatu, aliyekuwa amekaa kwenye kona yake, ndiye aliyemjibu. "Hapana. Ni vile anafanyaka tangu ile fujo. Hakuna mutu alimuomba."

Nikasimama. Miguu ilinibeba mpaka mlangoni, palepale, jua likinichoma mgongoni. Nilikuwa nimepanga maneno mazuri njia nzima kutoka ziwani na yote yalikimbia.

"Mwaka jana," nilisema, "ndugu zangu walisimama hapa wakasema Mama Faida alinilisha sumu. Haikuwa kweli. Niliumwa kifua kikuu. Walipima hospitali, nikanywa dawa, nimepona. Walimsingizia."

Mtu mmoja aliachia kijiko. Nikadhani nimemaliza, nikaanza kurudi mahali pangu.

"Bado," alisema Faida. Alikuwa ameshika sahani ya meza yetu. "Ile kitu nyeusi, ile munganga alitoa mu basini. Ilikuwa nini?"

"Sijui. Asubuhi ile nilikuwa nimekula mboga ya lengalenga na uyoga."

Fundi wa viatu alicheka kwa pua, na kicheko kikapita meza mbili kisha kikafa, kwa sababu Faida hakucheka.

"Na jina yangu," alisema. "Nani aliitaja?"

Hapo ndipo nilipotaka kukimbia. Msamaha wa kwanza nilikuwa nimeushona vizuri, wenye makosa wakiwa ndugu, mimi nikiwa mgonjwa kitandani. Wifi hakuwepo kunikanusha. Mama Esta mwenyewe hakulijua hilo. Ningeweza kusema mganga, na watu wote wangenionea huruma.

"Ni mimi," nilisema. "Wifi alitaja wengine watatu. Wewe nilikutaja mimi. Nilikuwa nimechoka, na nilikuwa bado na hasira kwa sababu ulicheka gauni langu."

Mama Esta alifumba macho. Faida aliihamishia ile sahani mkono wa pili.

"Ile gauni ilikuwa mbaya," alisema.

"Najua."

Aliiweka sahani mezani bila kuionja. Akaenda kuchukua birika na beseni, akawanawisha watu wa meza yetu, mmoja mmoja, na mimi wa mwisho. Maji yalikuwa ya vuguvugu. Nilidhani atarudi jikoni. Badala yake alijinawisha mwenyewe, akakanyaga benchi kuingia upande wangu.

Nilivuta mikono yangu kifuani. Miezi minane nilikuwa nakula peke yangu, na mwili ulikuwa umeshajifunza. "Faida," nilimnong'oneza, "mimi nilikuwa na kifua."

"Dawa ulimaliza?"

"Nilimaliza. Walipima."

"Basi, sogea."

Nikasogea. Tukaingiza mikono kwenye fungu moja la ugali kwa pamoja. Alichukua kichwa cha kuhe, sehemu ninayoipenda kuliko zote, akakila chote, mashavu na macho, polepole, bila kunipa hata kipande, nami nikamwachia.